Petunia zangu za EMS: kizazi cha pili kimechanua

Trei za kizazi cha pili zimeanza kutoa majibu, na mengi ni yale niliyoyatarajia: urujuani uliopauka, waridi hafifu, nyeupe. EMS, kemikali ya kubadilisha DNA niliyotia mbegu za mwanzo, huharibu jeni mara nyingi zaidi kuliko inavyoziboresha. Huibandika herufi G ya DNA kikundi cha ethili, nayo wakati wa kunakiliwa inaoana na T badala ya C. Jeni moja ya kutengeneza antosianini, rangi ya asili ya petali, ikivurugika hivyo, rangi hufifia au hupotea. Nyeupe zote nimezing'oa. Petunia nyeupe ziko tele, sikuzihangaikia hizo.

(Mbegu zililowekwa maabara, ndani ya kabati la kufyonza hewa. Dawa hii husababisha saratani, usiniulize kama inafaa kufanyia jikoni.)

Kizazi cha kwanza kilikuwa na ua moja la kuvutia, kabari nyeupe kutoka kooni hadi ukingoni. Kwa picha, safi. Kwa mbegu, bure: rangi ya petali iko kwenye tabaka la juu la seli, ilhali chavua na mayai hutoka tabaka la chini yake. Watoto wake wote ni zambarau.

Kinachonikosesha usingizi ni safu moja ya ndugu waliotokana na mama mmoja aliyejichavusha. Karibu robo yao maua yameegemea buluu, buluu ya moshi hivi, mishipa ikiwa myeusi zaidi. Safu ya mbegu zisizotiwa dawa ni zambarau tupu, kwa hiyo si uchotara wa zamani unaojitokeza. Nashuku vakuoli, kifuko cha ndani ya seli kinachohifadhi rangi. Petunia ina jeni zinazosukuma asidi ndani yake. Zikiharibika, asidi hupungua na antosianini ileile huonekana ya buluu. Nilisaga petali za ua lililofunguka siku hiyohiyo kwenye maji yaliyokenekwa, nikapima pH upesi kabla haijayumba. Ilikuwa juu, yaani asidi kidogo, kuliko ya ndugu zao wa zambarau, na nilipochukua maua mengine ikawa vilevile.

Tatizo ni kwamba mashina yao ni legelege na chavua haba. Bila shaka zipo jeni nyingine zilizopigwa pia. Ili kuziondoa, nimeshapaka chavua ya mzazi wa zambarau kwenye stigma zao (sehemu ya ua inayopokea chavua) na kuvifunga vifuko. Watoto watakuwa zambarau, buluu nitaitafuta kwa wajukuu. Wakati huohuo vipandikizi viwili vimeshika mizizi, kimoja kinaoza.