Basi lilipokufa baada ya Segera

Nauli imepanda, kiti hakiegemei, na mwezi Machi joto la ndani ya basi halisemeki. Tulipoipita Segera, gari likazima katikati ya mashamba ya mkonge. Kondakta akasema fundi yuko njiani. Mpaka saa tano usiku alikuwa bado yuko njiani, na mayai ya kuchemsha yalikuwa yakiuzwa bei maradufu.

Mwezi haukuwepo. Nikatoa darubini yangu ya mkononi. Mzee mmoja, mvuvi wa Tongoni, akanisogelea. "Mwanangu, unatafuta nini huko?"

Nikamwonyesha Salibu, zile nyota zilizojipanga kama msalaba upande wa kusini, kisha kulia kwake, kijiwingu cheupe. Akakiona kwa macho matupu. "Hiki nakijua, hakiondoki hata upepo uvume vipi."

Hakiondoki kwa sababu ni nebula ya Mkuku, wingu la gesi ambalo mwanga wake huchukua miaka kama 7,500 kutufikia. Linawashwa na nyota nzito zilizomo humo: miale yao ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, hung'oa elektroni kwenye atomi za hidrojeni, na zikirudiana gesi hung'aa. Upepo wa nyota hizo nao huisukuma gesi, ukichimba mapango na kuacha nguzo zimesimama. Mashuhuri kuliko zote ni Eta Carinae, nyota mbili zinazozungukana kwa miaka 5.5, na ile kubwa inaelekea kufa. Miaka ya 1840 ilitapika gesi yenye uzito wa Jua letu zaidi ya mara 10. Mwaka 1843 hapakuwa na nyota ya usiku iliyoishinda kwa mng'ao isipokuwa Sirius, kisha ikafifia. Gesi ile bado inakimbia kilomita 650 hivi kwa sekunde, imefura kama maputo mawili yaliyogusana.

Nilipoutaja mwaka huo, mzee akashusha darubini. "Basi wazee wetu waliiona. Kwetu walikuwa manahodha." Naamini waliiona, usiku wa jahazi hauna taa. Mimi nakaa Kariakoo, ambako hata Salibu naitafuta kwa shida, na iliniuma kwamba nimelazimika kukwama porini ndipo niione mbingu waliyokuwa nayo kila siku.

"Itakufa lini?"

"Hakuna ajuaye, mzee. Huenda imeshalipuka na mwanga uko njiani."

"Tutaiona?"

Nikamwambia habari ya nyota iliyolipuka mwaka 1054, umbali usiopishana sana na huu, ikaonekana mchana kweupe kwa siku 23. Akaichukua tena darubini, na fundi alipofika hakuteremsha mkono.