Titresheni kwa wanafunzi 60 na bureti 10

Mkondo wangu wa kidato cha nne una wanafunzi 60, maabara ina bureti 10 (mirija ya kioo yenye vipimo na koki chini), na ratiba inanipa vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80. Wengi wetu walimu hapo hufanya titresheni, yaani kudondosha asidi kutoka kwenye bureti ndani ya chupa yenye besi hadi rangi igeuke, mbele, darasa likatazama. Ila kwenye mtihani wa vitendo kila mtahiniwa hufungua koki kwa mkono wake, kwa hiyo nami nalazimika kumfikisha kila mmoja kwenye bureti.

Nagawa mkondo nusu kwa nusu. Thelathini huingia maabara kwa dakika 40, wenzao hubaki na kiranja wakikokotoa molariti (mola za kemikali katika kila lita) kwa data niliyoacha ubaoni, kisha hubadilishana. Bureti moja, watu watatu: wa koki, wa kuzungusha chupa, wa kusoma na kuandika. Titresheni ya kwanza ni ya kukadiria. Katika tatu zinazofuata hupokezana nafasi. Dakika 8 kwa kila moja zinatosha, mradi vifaa viko mezani kabla ya kengele. Ukianza kugawa bika wakiwa ndani, zamu ya pili haitamaliza.

Shule nyingi za kata hazina fundi sanifu wa maabara, hivyo miyeyusho naiandaa mwenyewe jana yake. Kupimia besi natumia pipeti, mrija wa ujazo mmoja maalumu, ya sentimita za ujazo 20. Ile ya 25 inakula kemikali bure. Kundi moja linahitaji kama 100 za besi pamoja na za kusuuzia, basi makundi 20 ni lita 2. Naandaa lita 3: gramu 15.9 za sodiamu kaboneti isiyo na maji, kupata mola 0.05 kwa lita. Soma lebo kwa makini. Kama ni ile yenye maji ya fuwele, unahitaji gramu 42.9 kwa lita hizo hizo. Ukipima 15.9, rangi itageuka kwenye sentimita za ujazo 7 na kitu za asidi badala ya 20, na darasa zima litadhani limekosea.

Asidi naitengeneza ya aina mbili, A na B, lita moja na nusu kila moja. A ni mola 0.1 kwa lita: sentimita za ujazo 12.9 za asidi haidrokloriki iliyokolea (asilimia 36). B ni mola 0.09: 11.6. Makundi ya A hupata karibu 20, ya B karibu 22.2, na meza jirani hazipati asidi moja. Huo ndio mtego wangu kwa wanaonakili majibu. Asidi ndiyo humiminwa ndani ya maji, kamwe si kinyume chake. Chupa iliyokaa wazi asidi yake hupungua nguvu, kwa hiyo huwa najaribu mwenyewe kabla ya darasa.

Maji ndiyo huharibu kazi kimyakimya. Maji magumu ya kisima yana bikaboneti inayokula asidi, na majibu hupanda. Kama hakuna yaliyokenekwa, nakinga ya mvua, baada ya mvua za mwanzo kusafisha bati.

Mezani makosa ni yale yale kila mwaka. Chupa ya koniko, ile inayozungushwa, husuuzwa kwa maji tu. Mwanafunzi akiisuuza kwa besi ameongeza besi. Faneli ikiachwa juu ya bureti hudondosha tone baadaye. Kiputo cha hewa chini ya koki kikitoka katikati ya kazi, kimehesabiwa kama asidi. Metili oranji, kiashiria kinachogeuka rangi, ni matone mawili. Rangi ikifika waridi kabisa, amepita. Tone la mwisho kwenye ncha ya pipeti halipulizwi.

Koki inayovuja naipaka mafuta ya mgando kidogo sana, mbali na tundu. Baada ya kazi bureti zote husuuzwa, na koki za kioo nazitoa na kuziweka kando na kipande cha karatasi, maana zikikaukia ndani zinaganda, na ukilazimisha kuzizungusha unabaki na bureti 9.