Taa ya Florence Nightingale

Leo nimetoka zamu nikapitia makumbusho ya Florence Nightingale, yule muuguzi Mwingereza, pale hospitali ya St Thomas', London.

Novemba 1854 alifika Scutari, Uturuki, na wauguzi 38 kuhudumia majeruhi wa vita vya Crimea. Maradhi yaliua askari wengi kuliko risasi: kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara.

Kilichonigandisha ni taa yake ya kuzungukia wagonjwa usiku. Wachoraji wengi humshikisha taa ya mafuta yenye mdomo. Kumbe ni fanusi ya Kituruki, ya kitambaa, inakunjika! Nimesimama hapo sijui muda gani.

Mimi usiku humulika dripu kwa tochi ya simu, nisimwamshe mgonjwa.

(Bundi wake wa kufugwa naye yupo, amekaushwa. Bundi! Kwetu angetimuliwa kwa mawe.)

Manesi wenzangu, nyie usiku mnamulika na nini?