Kuandika peke yako au na wenzako: hesabu halisi ya kurejelewa

Anayekusanya data Urambo kuhusu wakulima wa tumbaku, au Kasulu kuhusu kambi ya Nyarugusu, lazima afike mahali aulize: makala hii itoke kwa jina langu tu, au na wenzangu? Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba makala za kundi hurejelewa zaidi, yaani hutajwa zaidi kama chanzo katika kazi nyingine. Ni kweli, ila kuna masharti ambayo wanaolitoa huyaruka.

Kauli hiyo inategemea sana uchambuzi wa Wuchty, Jones na Uzzi uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2007. Walipitia makala milioni 19.9 zilizochapishwa kwa miongo mitano. Katika sayansi za jamii, makala zenye waandishi wawili au zaidi zilikuwa asilimia 17.5 mwaka 1955, na kufikia mwaka 2000 zilikuwa asilimia 51.5. Za kundi zilirejelewa zaidi, na hata walipoondoa kujirejelea, yaani mwandishi kutaja kazi zake mwenyewe, pengo lilipungua tu, halikuisha. Upande wa sanaa na insia, zaidi ya asilimia 90 ya makala ziliendelea kuandikwa na mtu mmoja. Kwa hiyo ukilinganisha mwanahistoria wa njia ya misafara ya Ujiji na mchumi wa bei za dagaa, unalinganisha fani zao tu.

Halafu kuna wastani. Makala chache hurejelewa mno, nyingi hurejelewa kidogo, na hizo chache huvuta wastani juu. Kwa hiyo panga idadi za marejeleo ya makala zako kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati. Linganisha makala za mwaka mmoja kwa muda uleule, tuseme miaka mitano tangu zichapishwe. Scopus, kumbukumbu ya mtandaoni inayohesabu marejeleo, inakuruhusu kuondoa kujirejelea kwa waandishi wote. Google Scholar haina kitufe hicho, itabidi ufungue orodha na kuhesabu kwa mkono. Usiiruke hatua hii: makala ya watu sita ina watu sita wa kuirejelea katika kazi zao zijazo.

Sasa gawanya. Makala yako ya peke yako imerejelewa mara 12, ya wanne mara 20. Kwenye ukurasa wako wa Google Scholar ile ya wanne inakupa 20 nzima, na kila mwenzako naye anapata 20 nzima. Ukigawa kwa vichwa, kila mmoja ana 5. Kielezo cha h, alichokipendekeza Hirsch mwaka 2005 (ukiwa na makala 10 zilizorejelewa angalau mara 10 kila moja, h yako ni 10), hakiulizi mko wangapi. Kamati ya kupandisha vyeo inaweza kuuliza, kwa hiyo soma mwongozo wa chuo chako, kipengele cha makala za pamoja, kabla hujakubali kuwa mtu wa tano.

Idadi ina jambo jingine dogo lenye uzito. Kwa mtindo wa APA wa kutaja vyanzo, toleo la saba, waandishi wakiwa wawili wote hutajwa kila mara. Wakifika watatu, ndani ya matini hubaki jina la kwanza na “na wenzake”. Wa pili kati ya wawili anaonekana; wa pili kati ya watatu anamezwa. Wachumi nao wana desturi ya kupanga majina kwa alfabeti. Einav na Yariv walionyesha mwaka 2006 kwamba, katika idara kubwa za uchumi Marekani, wenye majina ya herufi za mwanzo walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata ajira ya kudumu. Kama jina lako linaanza na W na mnaandikia jarida la uchumi, dai tanbihi inayoeleza nani alifanya nini.

Lipi la kuandika peke yako, basi? Dodoso la kaya 400 huko Kaliua na Uyui linahitaji wadodosaji, msimamizi na mtu wa takwimu. Kulisaini peke yako ni kuficha watu. Kazi ya mahojiano marefu na tafsiri ya maana inaweza kubebwa na mmoja na ikadumu. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti katikati ya miaka ya 1980 miongoni mwa wakimbizi wa Burundi huko Mishamo na Kigoma mjini. Kitabu chake cha mwaka 1995 kina jina moja tu jaladani, na hadi leo ni vigumu kuandika kuhusu wakimbizi bila kukutana nacho.

Ila “peke yangu” ya Kigoma mara nyingi ina mtu wa pili: anayeuliza kwa Kiha, anayetafsiri, anayejua nyumba ipi isiguswe kwanza. Huyu huishia kwenye shukrani. Mwongozo wa ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, uliotungwa kwa majarida ya tiba lakini unaotumika mbali zaidi, una masharti manne ya uandishi: mchango wa maana katika kazi, kushiriki kuandika au kuhakiki, kuidhinisha nakala ya mwisho, na kuwajibika. Wanaolitumia sharti la pili kumfungia mtu nje husahau kwamba mwongozo huohuo unataka aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuandika. Mtumie rasimu.

Kwa mtafiti wa nje ya nchi, COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, hutaka awe na mshirika wa hapa. Mambo huharibika pale jina la mshirika huyo linapoonekana kwenye ombi la kibali na kutoweka kwenye makala. Dawa yake ni ukurasa mmoja uliosainiwa kabla ya dodoso la kwanza: makala zinazotarajiwa, mpangilio wa majina katika kila moja, nani anatunza data, na mwandishi asiyejibu rasimu kwa wiki nne anahamia wapi.

Mwisho, chagua namna moja ya kuandika jina lako. Leo jina lako na la baba, kesho ukaongeza la babu, na kumbukumbu za majarida zinakuhesabu watu wawili, kila mmoja na nusu ya marejeleo yako. Namba ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti popote jina lake linapoandikwa, yenye tarakimu 16 na isiyolipiwa, isajili kabla ya makala ya kwanza.