Kofia za wafungwa wasio na idadi

Wafungwa kumi wamepangwa mstari mmoja, kila mmoja akiwa na kofia nyekundu au nyeusi asiyoweza kuiona, ingawa anaziona zote zilizo mbele yake. Kuanzia nyuma, kila mmoja anataja rangi ya kofia yake kwa sauti, na anayekosea anauawa. Mbinu ya kuwaokoa ni maarufu: wa nyuma kabisa anasema “nyekundu” ikiwa idadi ya kofia nyekundu anazoziona ni witiri, na “nyeusi” ikiwa ni shufwa. Anayefuata akisikia “nyekundu” huku akiona nyekundu nne tu, anajua ya tano iko kichwani mwake. Anayebahatisha ni mmoja peke yake.

Mstari usipokuwa na mwisho mbele, mbinu hiyo hukwama, kwani idadi isiyo na ukomo si witiri wala shufwa. Mwaka 2004 Yuval Gabay na Michael O'Connor, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Cornell, walionyesha jambo ambalo hadi leo naliona kama kiinimacho. Mipangilio miwili ya kofia iwekwe katika kundi moja ikiwa inatofautiana katika nafasi zenye ukomo tu, hata zikiwa milioni. Kisha, kabla ya kuvishwa kofia, wafungwa wakubaliane juu ya mwakilishi mmoja wa kila kundi. Kila mfungwa anaona kofia zote isipokuwa chache, hivyo analitambua kundi, na anataja rangi ambayo mwakilishi anayo katika nafasi yake. Hata kila mmoja asiposikia majibu ya wenzake, watakaokosea watakuwa na ukomo. Wakisikia majibu hayo, hesabu ya witiri na shufwa inarudi kazini: wa nyuma anahesabu tofauti kati ya anachokiona na mwakilishi, na wengine wote wanapatia.

Gharama yake ni aksiomu ya uchaguzi, yaani kauli inayokubaliwa bila uthibitisho kwamba kutoka kila kundi anaweza kuchaguliwa mmoja, ambayo mwanahisabati Ernst Zermelo aliitaja waziwazi mwaka 1904: wawakilishi wapo, lakini hakuna kanuni ya kuwaandika. Rangi zikiamuliwa kwa kurusha sarafu, ungetarajia kila mfungwa awe na uwezekano wa nusu, na kwa hiyo wasio na idadi wakosee. Mgongano huo haupo, kwa kuwa, ukiondoa labda wafungwa wenye ukomo, seti ya mipangilio ambamo mfungwa anapatia haipimiki, na uwezekano wake hauna thamani yoyote.