Konokono wa unga

Stima ilipotea saa moja unusu, unga ukiwa umeshakandwa. Mpwa wangu, aliyekuja kwetu likizo hii ya Agosti, akanishikia tochi ya simu nikaanza kusukuma chapati. Wiki nzima amekuwa akinisumbua na picha ya galaksi aliyoiona kitabuni, ile yenye mikono inayojipinda. Juzi aliniuliza mikono hiyo ni nini, nami nikamjibu kijuujuu: ni mistari ya nyota zinazozunguka pamoja.

Leo nikasukuma donge, nikalipaka mafuta, nikalikunja likawa kamba, kisha nikaanza kuizungusha kamba iwe konokono.

"Mjomba, si hiyo ndiyo galaksi?"

Mkono ukasita. Hapo ndipo nilipojua nilimdanganya.

Hesabu yenyewe si ngumu. Jua letu liko miaka ya nuru 26,000 hivi kutoka kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu, linakimbia kilomita 220 hivi kwa sekunde, na bado mzunguko mmoja unalichukua miaka milioni 230 hivi. Kwa umri wake wa miaka bilioni 4.6, limezunguka kama mara 20. Na kwa kasi, nyota za mbali hazizembei nyuma ya za karibu. Wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford walipima galaksi jirani ya Andromeda, wakachapisha mwaka 1970, na kasi haikushuka kuelekea nje kama ilivyotarajiwa. Ndiyo moja ya sababu watu huzungumzia maada ya giza, ile isiyoonekana. Basi ni kama wanariadha wa uwanja wa Nyayo wenye mwendo mmoja, kila mtu kwenye njia yake: wa ndani anamaliza duara, wa nje bado yuko kwenye kona. Mkono ungekuwa wa nyota zilezile, kila mzunguko ungeukaza, na kufikia leo ungefanana na konokono wangu, mikunjo imeshikana hata kisu hakipiti. Lakini ile ya kitabuni imeachana vizuri.

Nikamwambia nimekosea. Alicheka mpaka tochi ikamulika dari.

Mwaka 1964 wanasayansi C. C. Lin na Frank Shu walieleza kwamba mkono ni wimbi, mahali palipobanana ambapo nyota na gesi huingia, hukawia, kisha hutoka. Anayepanda matatu ya Jogoo Road asubuhi hahitaji kuelezwa zaidi: msongamano uko palepale, magari ndiyo hubadilika. Gesi ikibanwa humo hujikusanya na kuzaa nyota, na zile kubwa za buluu hufa kabla hazijaenda mbali, kwa hiyo mkono ndio unaong'aa. Si galaksi zote, lakini. Kwingine mikono huchipuka na kukatika, na wataalamu bado wanabishana.

Chapati ya nne, moto ukaanza kufifia. Njia Nyeupe nayo hutumia gesi yake, kiasi cha Jua moja au mawili kwa mwaka, na bila gesi mpya kuingia kutoka nje akiba ingeisha katika miaka bilioni chache tu. Yetu ya jikoni huletwa na kijana wa bodaboda, naye hakuwa anapokea simu. Tukawasha jiko la makaa, na tukisubiri yashike tukapanda paani.

Mtaa ulikuwa giza, ila mwanga wa mjini bado ulitanda upande mmoja. Juu yetu palikuwa na kitu hafifu kama moshi wa jiko la jirani. Nikamwonyesha: ndiyo Njia Nyeupe. Miaka bilioni 10 iliyopita diski nyingi za galaksi zilikuwa nene na zenye fujo, gesi ikivurugika kwa kilomita 50 hivi kwa sekunde. Katika zilizo jirani leo ni kama 10. Nimeipenda sana hadithi hiyo ya fujo kwanza, utulivu baadaye, labda kwa sababu inanisamehe miaka yangu ya ishirini. Kumbe mwaka 2020 darubini za ALMA kule Chile zilionyesha galaksi ambayo nuru yake imesafiri zaidi ya miaka bilioni 12, na tayari ilikuwa inazunguka kwa utulivu.

"Kwa hiyo hata hapo ulikosea?"

Kabla sijajibu stima ikarudi, mtaa mzima ukashangilia, na ule moshi ukatoweka. Tulipokula, hakuikata chapati yake. Aliichambua tabaka kwa tabaka kutoka ukingoni, akitafuta ncha ya kamba.