Siku Moja Maishani Mwangu: Ukuta Wenye Unyevu na Malipo ya 180

Nina miaka 48, nimeolewa, nina watoto wawili, na jina langu limo kwenye hati ya nyumba pamoja na la mume wangu. Siku ninayoieleza hapa ni ya juzi tu.

Saa 11:10 alfajiri

Joto la ghafla linaniamsha kabla ya kengele. Wenye umri wangu wanalijua: wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na miaka ya kuelekea huko huja na usiku wa namna hii. Kwa kuwa usingizi umeshakata, nachukua tochi na kwenda kwenye mita ya maji.

Saa 3 usiku tulifunga koki zote na kuandika namba. Kwenye mita yetu, namba nyeusi huhesabu meta za ujazo na nyekundu huhesabu lita. Nyekundu zimesogea lita 74, na tangu tulale hakuna aliyefungua bomba wala kuvuta maji chooni. Nakokotoa papo hapo gizani: zaidi ya lita 200 kwa siku, karibu uniti 7 kwa mwezi. Maji tunayoyalipia, yasiyoosha hata kikombe.

Saa 12 asubuhi

Mume wangu ameamka na sasa tuko wawili. Kwa muda sasa tumekuwa tukibishana kuhusu doa la unyevu kwenye ukuta wa chumba chetu, upande unaopakana na bafu. Yeye aliamini ni unyevu wa ardhini. Mimi nilikataa, na sababu zangu ninazo. Unyevu wa ardhini huanzia chini kabisa ya ukuta, ni nadra kupanda zaidi ya meta 1, na mara nyingi huacha chumvi nyeupe juu ya lipu. Doa letu liko usawa wa bega, na chini yake ukuta ni mkavu.

Choo tulishakipima. Unatia rangi kwenye tangi, unasubiri kama nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, ujue mpira wa tangi hauzibi sawasawa. Kwetu haikuonekana. Basi leo tunafunga koki kuu inayoingiza maji ndani. Mita inasimama, kwa hiyo bomba la kutoka kwenye mita hadi nyumbani ni zima, na maji yanapotelea ndani. Tunaifungua tena, kisha tunafunga koki inayopeleka maji kwenye hita peke yake. Mita inasimama vilevile. Ni bomba la maji ya moto, na bomba hilo linapita ndani ya ukuta ule ule.

Ananiangalia, anatikisa kichwa. "Sawa, mama watoto. Nampigia fundi bomba sasa hivi." Nampenda kwa hilo. Akishaona ushahidi hang'ang'anii.

Kinachomnyima raha ni fedha, na mimi pia. Iko kanuni inayotajwa sana ya kutenga kila mwaka walau asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa ajili ya matengenezo. Tunaijua, na iko miaka tunayoitimiza na miaka ambayo ada za shule huimeza yote. Mwaka huu tulijitahidi, na fungu lile lilikuwa la kupaka rangi nje kabla ya binti yetu kuja nyumbani akiwa amemaliza chuo.

Saa 2 asubuhi

Kazini. Nipo idara ya mishahara na ni mwisho wa mwezi, kwa hiyo hakuna la kusimulia zaidi ya kwamba sikuinua kichwa. Mama yangu anapiga simu katikati ya kazi kunijulisha kwamba goti limetulia na kwamba bado hahamii kwetu. Nazipokea habari zote mbili.

Saa 7 mchana

Taarifa ya mkopo wa nyumba imeingia. Nimeisubiri kwa hamu kuliko ninavyosubiri mshahara, na nitaeleza kwa nini.

Mkopo wetu ni wa miaka 20, riba asilimia 12 kwa mwaka, malipo sawa kila mwezi. Mtu akisikia hivyo hudhani kwamba baada ya miaka 10 atakuwa amemaliza nusu. Sivyo kabisa. Riba hutozwa juu ya deni lililobaki, na mwanzoni deni ni lote. Katika malipo yetu ya kwanza, kwenye kila 100 tuliyotoa, 91 ilikuwa riba na 9 tu ndiyo iliyopunguza deni. Baada ya miaka 10 tulikuwa bado tunadaiwa karibu asilimia 77 ya tulichokopa. Nakumbuka jinsi mume wangu alivyoikunja taarifa ya mwaka ule, akatoka nje bila neno.

Malipo ya mwezi huu ni ya 180. Miaka 15 kamili. Naangalia salio, natoa kikokotoo, narudia kukokotoa: kwa mara ya kwanza tunadaiwa chini ya nusu. Na kwenye kila 100, riba sasa ni kama 45 tu.

Nampigia mume wangu. Ananyamaza kidogo, kisha anasema, "Nisomee tena." Namsomea tena. Machozi yananitoka pale pale kwenye meza yangu na sijali nani ananiona. Miaka hiyo ina gauni ambazo sikununua, safari alizoahirisha yeye, na mwaka mzima alioukaa bila kazi tukilipa kwa akiba yetu ya mwisho.

Saa 9 alasiri

Nimepewa ruhusa ya kutoka mapema. Fundi yupo bafuni na mume wangu anamshikia taa. Kabla ya kugusa kigae chochote, fundi anapapasa ukuta kwa kiganja cha mkono, pole pole, mpaka anapopata sehemu yenye uvuguvugu. Anaweka alama kwa penseli. Hapo nikajua tumempata mtu wa kazi. Vigae vinne vinatoka kwa tindo, lipu inabomoka ikiwa imelowa, na elbo, kile kiungo cha kona cha bomba, inaonekana ikitoa maji membamba kama uzi.

Bomba ni la PPR, lile la plastiki ngumu linaloungwa kwa moto. Kijana wetu wa miaka 15, ambaye siku hizi hutujibu kwa neno moja moja, amejiegemeza mlangoni. Anauliza kwa nini haliunganishwi kwa gundi. Fundi anamjibu kama anayemjibu mwanafunzi wake: plastiki hii haishiki gundi, hivyo mashine inapashwa hadi kama nyuzi 260, bomba na soketi, yaani kiungo linamoingia, vinayeyuka kidogo usoni, vinasukumwa pamoja na kuwa kitu kimoja. Aliyeunga hii ya zamani hakusukuma bomba hadi mwisho. Ilishika, lakini kwa ncha tu.

Kijana anauliza la pili, la tatu, la nne. Anasogea ndani. Fundi anampa kipande kilichobaki, anamhesabia sekunde, anamwachia aunge mwenyewe. Mimi na baba yake tunatazamana juu ya kichwa chake na hatusemi kitu, tusije tukaharibu.

Saa 11 jioni

Koki zote zimefungwa, tumekaa kwenye mita. Nyekundu haisogei. Fundi analipwa, na fungu la rangi linaondoka naye karibu nusu. Anatuambia tusizibe ukuta haraka: ukae wazi, upate hewa, ukauke wiki kadhaa kabla ya lipu mpya na rangi.

Saa 2 usiku

Mume wangu anapima presha. Hunyanyuki na kupima tu: unakaa dakika 5 umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono usawa wa moyo. Ni 134 kwa 82. Anatumia dawa na kwetu huo ni usiku mwema. Kisha anatafuta miwani asome karatasi ya fundi, anakuta nimeivaa mimi. Lenzi ya jicho huwa ngumu kidogo kidogo tangu ujanani, na kwenye miaka ya 40 ndipo mtu huanza kuona shida ya kusoma kwa karibu; yetu imekuwa ngumu kwa kiwango kimoja, kwa hiyo jozi moja inatutosha sote.

Vigae vya aina ile havitengenezwi tena. Yeye anataka ukuta mzima wa bafu ubadilishwe ufanane. Nataka mstari mmoja wa rangi tofauti, uzunguke pande zote, na fedha itakayobaki iende kwenye deni, kwa sababu kila tunachopunguza leo hakitozwi riba kwa miaka 5 iliyobaki. Tunajadili hadi kijana anatoka chumbani kwake kutuuliza kama tunagombana. Hapana, baba, tunapanga.

Tumekubaliana mstari. Rangi atachagua yeye.